Uzito Unahamia Wapi? Kuunda na Kurekebisha Gari la Rimoti la Kukwea Miamba

Gari dogo la rimoti limefika chini ya jiwe lililosimama karibu wima. Tairi la mbele la kushoto linashika, la kulia linashika, pua inapanda. Halafu, polepole na bila kelele, magurudumu ya mbele yanaachana na jiwe, gari linasimama kwa mkia na kuanguka chali. Mwenye gari anakwenda kulichukua huku ameshaamua dawa: atafunga mota yenye nguvu zaidi.

Nami niliwahi kuitumia dawa hiyo. Mota mpya ilikuwa na nguvu maradufu, na gari lilianguka palepale, ila lilianguka mapema zaidi. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba gari lile halikuwahi kukosa nguvu. Kasoro ilikuwa mahali uzito ulipokaa, na mahali ulipohamia gari lilipoinama. Tangu hapo kila kifaa ninachokishika, tairi, springi, gia au betri, nakiuliza swali hilohilo: kinaufanyia nini uzito wa gari wakati liko kwenye jiwe? Makala haya yanalifuata swali hilo mpaka mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mafundo mengi ya ufundi huu.

Mchezo wenyewe

Magari haya huitwa krola. Mengi ya mashindano ni ya kipimo cha 1:10, yaani sehemu ya kumi ya gari halisi, na huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi. Yapo pia madogo ya 1:18 na 1:24, ambayo yanafuata kanuni zilezile za fizikia ila hayasamehe makosa. Baadhi ya madaraja ya mashindano hudai gari lifanane na gari halisi, lenye bodi kamili na rimu za inchi 1.9, mengine huruhusu fremu tupu na rimu za inchi 2.2, hata mota mbili, moja juu ya kila ekseli.

Njia ya mashindano hupangwa kwa malango. Kila lango ni alama mbili, na gari lazima lipite katikati yake bila kuzigusa, lango kwa lango, kwa mpangilio uliowekwa. Pointi ni adhabu, kwa hiyo anayemaliza akiwa nazo chache ndiye mshindi. Katika kanuni nyingi kurudi nyuma mara moja ni pointi 1, na kugusa alama ya lango ni pointi 10. Muda umewekewa ukomo, lakini ndani ya ukomo huo kasi haina tuzo. Ikumbuke sana tofauti ya 1 na 10. Ndiyo inayofanya rivasi iwe bei rahisi, na ndiyo inayofanya gari linalotulia lishinde gari linalokimbia.

Hesabu ya milimita

Chukua gari lenye urefu wa milimita 313 kutoka ekseli hadi ekseli, kitovu chake cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, kikiwa milimita 90 juu ya ardhi. Kwenye sakafu, magurudumu ya mbele yamebeba asilimia 60 ya uzito. Ina maana kitovu hicho kiko takriban milimita 188 mbele ya ekseli ya nyuma na milimita 125 nyuma ya ekseli ya mbele.

Sasa lipandishe kwenye jiwe lenye mwinamo wa nyuzi 45. Katika nyuzi 45 hesabu inakuwa nyepesi: toa kimo cha kitovu kwenye umbali wake kutoka ekseli ya upande wa chini, kisha gawanya kwa urefu wa gari. Yaani 188 toa 90, unabaki na 98. Gawanya kwa 313, unapata asilimia 31. Lile gari lililokuwa na asilimia 60 mbele sasa lina 31 tu. Kama lingekuwa limegawanyika nusu kwa nusu sakafuni, mbele pangebaki asilimia 21. Hapo ndipo stelingi inapokuwa nyepesi kama hewa: unageuza, tairi zinageuka, gari linaendelea palepale lilipokuwa likielekea.

Wengi wakishaiona hesabu hii hukimbilia kuongeza uzito mbele. Ni sahihi kwa kiasi. Lakini kila kinachopanda lazima kishuke, na upande wa pili wa jiwe hesabu inageuka. Gari letu likiteremka nyuzi 45, nyuma panabaki 125 toa 90, yaani 35, ambayo ni asilimia 11 ya uzito. Sogeza uzito mbele zaidi, ufike asilimia 65 kwa 35, na nyuma panabaki asilimia 6 hivi. Breki kidogo tu, au kijiwe chini ya tairi la mbele, na mkia utakupitia kichwani.

Sasa tazama kinachotokea ukikishusha kitovu kutoka milimita 90 hadi 75, bila kukisogeza mbele wala nyuma. Kwenye mpando, mbele panapanda kutoka asilimia 31 hadi 36. Kwenye mteremko, nyuma panapanda kutoka 11 hadi 16. Pande zote mbili zimefaidika. Ndiyo maana nasema kusogeza uzito mbele ni mkopo, na kuushusha ni pato. Anayeanza na ashushe kwanza, ndipo asogeze.

Vilevile kwa ubavu. Ikiwa upana kati ya sehemu tairi za kushoto na za kulia zinapogusa ardhi ni milimita 220, gari lenye kitovu cha milimita 80 litapinduka kwenye nyuzi 54 hivi, na lenye kitovu cha milimita 65 litafika 59. Nyuzi tano zinaonekana chache kwenye karatasi. Kwenye ubavu wa jiwe, juu kidogo ya lango, ni nyingi mno.

Kushusha nako kuna namna mbili, na hazilingani hata kidogo. Namna inayouzwa sana ni kuongeza vyuma vya shaba chini: ndani ya rimu, kwenye vifundo vya stelingi, juu ya ekseli. Chukua gari la gramu 2,400 lenye kitovu cha milimita 90, uongeze gramu 200 za shaba kwenye usawa wa ekseli, ambao kwa tairi la kipenyo cha milimita 120 ni milimita 60 kutoka ardhini. Kitovu kipya kitakuwa takriban milimita 87.7. Umeongeza gramu 200, umepata milimita 2.3.

Namna ya pili ni kupunguza juu. Ondoa gramu 200 kwenye bodi, kwa mfano keria ya paa, taa na bodi ya plastiki ngumu uliyoibadilisha na bodi nyepesi, vyote vikiwa wastani wa milimita 180 kutoka ardhini. Kitovu kinashuka hadi milimita 81.8. Uzito uleule, matokeo zaidi ya mara tatu, na servo yako, ile mota ndogo inayogeuza stelingi, inashukuru badala ya kulalamika. Mimi sipingi shaba. Bila shaba kidogo mbele gari la ushindani halikamiliki. Napinga shaba inayofungwa ili kufidia mzigo ulio juu ambao hakuna aliyejiuliza unafanya nini pale.

Kukijua kimo cha kitovu cha gari lako hakuhitaji maabara. Simamisha gari kwa tairi zake juu ya ubao, ubavu wake ukielekea upande utakaoinuliwa, likiwa na betri na bodi, kisha inua upande mmoja wa ubao taratibu mpaka tairi za juu zianze kuachia. Kama gari linateleza kabla ya kupinduka, piga misumari midogo ya kuzuia tairi za chini. Pima mwinamo kwa kipimapembe au kwa programu ya simu. Gawanya nusu ya upana wa gari kwa tanjenti ya pembe hiyo. Gari la milimita 220 likipinduka kwenye nyuzi 50, kitovu chake kiko takriban milimita 92. Kipimo hiki kinaingiza na kulalia kwa springi ndani yake, na ndivyo inavyotakiwa, maana kwenye jiwe springi hazitaacha kulalia kwa sababu tu wewe unapiga hesabu. Mgawanyo wa mbele na nyuma ni rahisi zaidi: mizani ya jikoni chini ya tairi za mbele, kitabu chenye kimo sawa na mizani chini ya za nyuma.

Tairi: pale uzito unapogeuka kuwa mshiko

Uzito ulioupanga vizuri hauna maana kama tairi haliwezi kuutumia. Tairi la krola halijazwi upepo. Ndani yake mna sponji, na sponji hiyo ndiyo inayoamua umbo la tairi likiwa limebeba mzigo. Mpira laini unajiviringisha kwenye ncha na mashimo ya jiwe. Kashata, yaani vinundu vya mpira juu ya tairi, zinang'ata kingo. Hewa iliyofungiwa ndani huharibu kazi yote hiyo kwa sababu hulifanya tairi kuwa mpira wa kudunda, ndiyo maana hutobolewa matundu madogo ili hewa itoke na kuingia.

Sponji laini tupu inaonekana tamu mezani. Unalibonyeza tairi kwa kidole, linabonyea, unafurahi. Kisha unaingia ubavuni mwa jiwe: tairi mbili za chini, ambazo sasa zimebeba karibu gari zima, zinakunjika, gari linashuka upande huo, kitovu kinasogea nje, na limepinduka. Tairi zilezile zilizokupandisha zimekuangusha. Ndiyo sababu ya sponji za tabaka mbili, laini nje kwa ajili ya kushika na ngumu ndani kwa ajili ya kubeba. Wengine hukata tabaka la nje kwa mkasi mpaka wapate ulaini wanaoutaka. Kazi hiyo inachosha na inachafua meza, lakini nusu saa ya mkasi imenisaidia kuliko vifaa vingi vya kung'aa nilivyowahi kufunga.

Rimu za mashindano hubana ukingo wa tairi kwa pete na skrubu badala ya gundi, na faida yake kubwa ni hiyo: unaweza kufungua, kubadilisha sponji, na kufunga tena. Aliyegundisha tairi zake amejifungia mlango wa marekebisho.

Jambo la mwisho kuhusu tairi halihitaji hata bisibisi. Vumbi juu ya mpira ni kama unga juu ya meza. Kitambaa chenye maji kabla ya kuanza.

Gari linalojipinda lenyewe

Kuna ugonjwa mmoja ambao humchanganya kila mgeni. Gari limesimama sawasawa kwenye mpando. Unabonyeza kifyatulio cha rimoti, na kabla tairi hazijazunguka, bodi yote inalalia upande mmoja. Tairi moja la mbele linapungukiwa uzito na kuinuka, na daima ni lilelile.

Chanzo ni shafti. Giaboksi iko kwenye chesi, yaani fremu ya gari, na inazungusha shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ekseli inakataa kwa sababu tairi zimeshika jiwe. Nguvu ikikosa pa kwenda mbele, inarudi na kuisokota chesi kinyume. Kadiri gari linavyohitaji nguvu nyingi zaidi kupanda, ndivyo linavyojipinda zaidi, yaani linakusaliti pale hasa unapolihitaji.

Springi ngumu hupunguza dalili, na wengi huishia hapo. Tiba ya ndani zaidi ni kupunguza nguvu inayopita kwenye shafti bila kupunguza ile inayofika kwenye tairi. Hilo hufanyika kwa kuhamishia upunguzaji wa mwendo mbali zaidi, baada ya shafti: gia za ekseli zenye uwiano mkubwa, au ekseli zenye gia za ziada kwenye kila gurudumu. Ekseli za aina hiyo ya pili zilipata umaarufu mkubwa mwaka 2017 Traxxas ilipotoa TRX-4 ikiwa nazo kutoka kiwandani. Zina faida nyingine: zinainua bomba la ekseli juu ya jiwe. Gharama yake ni sehemu nyingi zaidi zinazozunguka, na kila gia ina uchezaji wake.

Daraja la mota juu ya ekseli halijui ugonjwa huu, kwa kuwa hakuna shafti ya kuisokota chesi. Ndiyo moja ya sababu za magari hayo kuonekana kama yanatembea badala ya kuendeshwa.

Springi, shokomzoba na rodi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Picha ya gari lililokunja ekseli zake mpaka tairi moja liko juu ya kopo refu na mengine matatu yako chini hupendwa sana, na imewapotosha wengi. Kukunjika kwingi kunafanya tairi zote ziguse ardhi, ni kweli. Lakini springi laini zinazoruhusu ukunjaji huo ndizo zinazoiacha bodi ilalie upande wa chini kwenye ubavu wa jiwe. Kugusa ardhi siyo kubeba uzito. Tairi linaloning'inia na kugusa jiwe kwa uzito wake lenyewe halikusaidii chochote. Kunja vya kutosha, usikunje vya kupiga picha.

Magari mengi ya ushindani huachwa yakae chini, shokomzoba zikiwa zimezama karibu nusu au zaidi ya urefu wake gari likiwa limetulia. Springi zikiwa zimezama hivyo, tairi lina nafasi ya kushuka kufuata shimo, huku chesi ikibaki chini. Wapo wanaoondoa springi kabisa au kuziweka ndani ya shokomzoba zikivuta badala ya kusukuma. Mafuta mazito ndani ya shokomzoba hayaongezi wala kupunguza mzigo gari likiwa limesimama. Yanaamua tu uzito utahama kwa haraka kiasi gani. Kwa gari linaloyumba linapoangusha gurudumu kutoka kwenye kipandio, mafuta mazito kidogo ni dawa nzuri.

Kuhusu rodi zinazoshikilia ekseli ya nyuma: zinapokutana kwa pembe kali kuelekea mbele, nguvu ya tairi huisukuma sehemu ya nyuma ya chesi kwenda juu. Utaliona gari likiinuka sehemu ya nyuma kila ukibonyeza kifyatulio, na kila milimita linayoinuka unaikumbuka kutoka kwenye hesabu ya juu. Chesi nyingi zina matundu kadhaa ya kufungia rodi ya juu. Kupandisha mwisho wake wa upande wa chesi huzifanya rodi zikaribie kuwa sambamba, na kuinuka hupungua. Sogeza tundu moja, jaribu mpando uleule, tazama.

Bei ya chesi iliyo chini ni tumbo. Gari litakaa juu ya kigongo cha jiwe, tairi zote nne zikizunguka hewani au zikisugua bure. Bamba laini chini ya tumbo, bila vichwa vya skrubu vinavyochomoza, huliruhusu lipite likiteleza. Rodi za chini zilizopindwa kwenda juu katikati hufanya kazi hiyohiyo.

Gia: polepole, na mbele ikitangulia

Tuseme pinioni ya mota ina meno 14 na gia kubwa inayoendeshwa nayo ina 56; hapo mwendo umepungua mara 4. Ndani ya giaboksi umepungua mara 2.6, na kwenye ekseli mara 3.75. Zidisha: mota inazunguka mara 39 ili tairi lizunguke mara moja. Mota ikiwa kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, tairi la kipenyo cha milimita 120 litakwenda kama kilomita 5.8 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Huo ndio mwendo wa juu kabisa. Kazi yenyewe iko kwenye sehemu ya kumi ya huo.

Difu za krola hufungwa, tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja daima. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye tairi lenye mzigo mdogo, na kwenye miamba kuna tairi lenye mzigo mdogo kila sekunde. Malipo yake ni kona pana. Ndipo zinapokuja hila mbili.

Ya kwanza ni kuifanya ekseli ya mbele izunguke haraka kuliko ya nyuma. Ukifunga gia za meno 8 kwa 30 mbele na 8 kwa 33 nyuma, mbele itazunguka haraka zaidi kwa asilimia 10. Gari linajivuta kama limefungwa kamba puani. Kwenye kona pua inavutwa ndani. Kwenye mpando nyuma haipati nafasi ya kujisukuma chini ya mbele na kulipindua gari. Ni njia ya kuhamisha mzigo kwa gia badala ya shaba. Kwenye sakafu yenye mshiko mkali, ekseli mbili zinazogombana hula umeme na kuzichosha gia, kwa hiyo asilimia kubwa sana nisingeishauri kwa gari la matumizi mchanganyiko.

Ya pili ni kuifunga ekseli ya nyuma isizunguke kabisa huku ya mbele ikivuta. Washindani huita digi. Geuza stelingi yote, funga nyuma, bonyeza taratibu, na gari linazunguka papo hapo kama dira. Pale ambapo lango liko mara tu baada ya kona, digi moja inaokoa rivasi tatu.

Umeme unaoshikilia

Mota ya krola inapimwa kwa jinsi inavyoanza kuzunguka, siyo jinsi inavyokimbia. Mota zenye brashi hutajwa kwa idadi ya mizunguko ya waya: 35, 45, 55. Mizunguko mingi, mwendo mdogo na mwanzo laini. Mota isiyo na brashi na isiyo na sensa hukwamakwama ikianza, kwa kuwa kidhibiti mwendo hakijui rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, iko wapi mpaka izunguke. Kwenye jiwe kukwama huko ni mshtuko, na mshtuko unavunja mshiko. Yenye sensa huanza taratibu kama inayoamka usingizini.

Breki ya kujishikilia ndiyo mpangilio wa kwanza wa kugusa kwenye kidhibiti. Ukiachia kifyatulio, gari lisimame pale lilipo, hata kwenye ukuta. Weka asilimia 100 kisha jaribu kwenye mpando na kwenye mteremko. Breki ikishika ghafla mno wakati gari linateremka, uzito wote unarushwa mbele, na umeshaona nyuma panabaki kiasi gani.

Betri ni moja ya vitu vizito kwenye gari, na watu bado huinunua kwa ukubwa. Ya seli 2 ni volti 7.4, ya seli 3 ni 11.1. Betri ndogo, iliyolala chini na mbele, juu ya ekseli ya mbele ikiwezekana, ni bora kuliko kubwa iliyopandishwa juu ya giaboksi. Raundi ya mashindano ni ya dakika chache. Saa nzima ya umeme ni mzigo usiokuwa na kazi.

Servo nayo inahitaji nguvu ya kweli, kilo-sentimita 25 na kuendelea kwa gari la 1:10 lenye shaba mbele. Lakini servo kali ikikwama katikati ya mawe mawili huvuta umeme mwingi kwa ghafla, voltiji inashuka, risiva inayopokea amri za rimoti inazimika kwa nukta, na gari linasita mahali pabaya kuliko pote. Kama gari lako linapoteza fahamu kila ukigeuza stelingi, acha kuilaumu rimoti. Angalia umeme unaolisha servo. Na weka mipaka ya stelingi kwenye rimoti, ili servo isiendelee kusukuma baada ya chuma kufika mwisho wake.

Jiwe moja, badiliko moja

Tafuta jiwe moja ambalo gari lako linalishindwa kwa mbali kidogo, siyo kwa mbali sana, na lifanye kipimo chako. Piga alama mahali tairi linapoanzia. Jaribu mara tano, andika ngapi umefaulu na gari lilikosea vipi: liliteleza, liliinuka, au lilipinduka ubavu? Neno hilo moja ndilo linalochagua dawa. Kuteleza kunakupeleka kwenye tairi na sponji. Kuinuka pua kunakupeleka kwenye kimo, kwenye rodi za nyuma, kisha kwenye mgawanyo wa mbele. Kupinduka ubavu, kwanza kwenye paa la gari, halafu kwenye springi. Kisha badilisha kitu kimoja tu. Aliyebadilisha sponji, springi na mafuta kwa usiku mmoja anaweza kuwa na gari bora asubuhi, lakini hatajua kwa nini, na likiharibika hatajua pa kurudi.

Siku ya mashindano, itembelee njia kwa miguu kabla ya kugusa rimoti. Chutama usawa wa gari, kwa sababu ukiwa umesimama kila jiwe linaonekana fupi. Kwa kila lango jiulize gari litakapokuwa katikati yake litakuwa limelalia wapi, na tairi lipi litakuwa limebeba. Kama jibu ni tairi lililo karibu na alama, tafuta njia nyingine ya kuingilia, hata kama inagharimu rivasi mbili. Pointi mbili mkononi, kumi zimebaki kwenye jiwe. Kisha kaza nati za magurudumu, futa tairi, sukuma betri mpaka iguse kizuizi cha mbele, na mwambie mwamuzi uko tayari.